Kulijua Jua

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili zilizo mbalimbali. Jua ni taa kubwa ya mchana; na jua ni amri apewayo mtu ili aelewe jambo asilolielewa. Kukutana huku kwa maneno kwaweza kumpotosha asiyefikiri, akadhani kuwa aliyeliona jua amekwisha kulijua. La hasha! Hakuna kitu kinachoonwa na watu wengi kuliko jua, na labda ni kwa sababu hiyo hiyo watu wachache huuliza habari zake. Tena, sehemu moja kubwa ya habari hizo haikuweza kupatikana kwa macho hata kidogo. Ilikuwa lazima mwanadamu apande juu ya hewa aivutayo. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza kupanda, alituma chombo kimwendee. Nataka kukusimulia, msomaji wangu, habari za chombo hicho na za nuru iliyotafutwa. Na nataka kukuonyesha kwa nini mimi, mwalimu wa shule katika nchi kavu ya Turkana, nazihesabu habari hizo kuwa ni zetu, wala si za watu wa mbali tu.

Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ni mji uliokaa kando ya mto Turkwel, yapata mita 500 juu ya usawa wa bahari, na digrii tatu na kidogo kaskazini ya Ikweta. Serikali ya kikoloni ilipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na watu wake baada ya kifungo cha Lokitaung, ilimleta Lodwar mwaka 1959, akakaa hata mwaka 1961 alipohamishiwa Maralal. Ukisafiri kwa barabara kutoka Lodwar kuelekea kaskazini-magharibi, mwendo wa kilometa 120 hivi, utafika Kakuma, penye kambi kubwa ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Katika nchi yote hiyo mchanga hung'aa, migunga hutoa kivuli chembamba, na mtu asiye na shughuli mchana hatoki nje. Wazee hukutana chini ya mti wao, ndio mti wa wanaume, wakazungumza mambo ya mifugo, ya mvua na ya amani. Na mchungaji mwenye akili hupumzisha wanyama wake kivulini saa za adhuhuri. Nilipotoka chuo cha ualimu nikapangiwa huku kufundisha sayansi, nilionywa na kila mtu juu ya joto. Hakuna aliyenionya juu ya kitu kingine.

Aliyenifungua masikio alikuwa mwanafunzi. Katika shule moja niliyopata kufundisha palikuwa na sheria kwamba mwanafunzi asivae kofia wakati wa paredi. Sheria ilikuwa moja kwa wote, na watu wengi hudhani kuwa jambo likiwa moja kwa wote limekwisha kuwa haki. Katika kidato cha pili alikuwamo mvulana mwenye ualbino. Siku moja tulisimama nje muda mrefu kumngojea mgeni. Mawingu mepesi yalikuwa yametanda na upepo ulikuwa ukivuma. Hakuna aliyelalamika kwa joto, na wengine walisema ile ilikuwa siku njema. Jioni yake shingo na masikio ya kijana yule yalikuwa mekundu, na kesho yake yakatoka malengelenge. Alinijia akaniuliza: "Mwalimu, jana jua halikuwako. Ni nini basi kilichoniunguza?"

Swali lile lilikuwa bora kuliko mengi yatolewayo katika mitihani. Kulijibu ni lazima turudi nyuma zaidi ya miaka mia mbili, kisha tupande kilometa nyingi angani.

Kila mtoto aliyewahi kuona upinde wa mvua ajua kuwa mwanga wa jua, ujapoonekana mweupe, ni mchanganyiko wa rangi: nyekundu upande mmoja, urujuani upande wa pili, na nyingine katikati. Mwanga husafiri kama mawimbi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Wapimaji hutumia nanomita, ambayo ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Nyekundu ya mwisho inayoonekana ina nanomita 700 hivi. Urujuani wa mwisho una 400 hivi. Hapo jicho hukoma. Lakini je, mwanga nao hukoma? Mwaka 1801 Mjerumani Johann Wilhelm Ritter alipitisha mwanga wa jua katika prizimu ili rangi zake zitengane, akaziwekea chumvi ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi ipigwapo na mwanga. Aliona kwamba chumvi ile iligeuka upesi zaidi mahali palipoonekana hapana mwanga kabisa, ng'ambo ya urujuani. Giza lile halikuwa giza. Palikuwa na miale ambayo jicho la mtu halikuumbwa kuipokea. Leo twaiita miale ya urujuanimno.

Usidhani ya kuwa miale hii ni mambo ya maabara tu. Nenda dukani ukalipe kwa noti kubwa, utamwona muuza duka akiiweka noti yako chini ya taa ndogo ya zambarau ili aone alama zilizofichwa zikiwaka. Taa ile hutoa urujuanimno. Alama huupokea na kuurudisha kwa rangi inayoonekana. Kadhalika, sabuni ya unga ya kufulia aghalabu hutiwa dawa yenye tabia hiyo hiyo, na ndiyo sababu shati jeupe la shule huonekana kung'aa likiwa juani. Kwa hiyo umekuwa ukiuona urujuanimno wa jua tangu siku yako ya kwanza shuleni, ila uliuona umejibadili sura.

Sasa tulifikie fumbo lenyewe. Katika karne ya kumi na tisa wataalamu walipopima mwanga wa jua kwa vyombo vyao, waliona kwamba urujuanimno haukuendelea mbali. Mwaka 1879 Mfaransa Alfred Cornu alianza kueleza jinsi ulivyokatika kwa ghafula ulipokaribia nanomita 290, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Je, jua halikutoa miale mifupi kuliko hiyo? Au palikuwa na kitu njiani kilichoizuia? Mwaka 1913 Wafaransa wengine wawili, Charles Fabry na Henri Buisson, walionyesha kwamba mkasi ule ni ozoni, aina ya oksijeni ambayo kila molekuli yake ina atomu tatu badala ya mbili. Sehemu kubwa ya ozoni iko juu sana, kati ya kilometa 15 na 35 hivi kutoka ardhini. Nayo ni haba ajabu: lau ingekusanywa yote ikaletwa hapa chini na kukandamizwa kwa uzito wa hewa ya pwani, ingefanya tabaka lenye unene wa milimita tatu tu. Milimita tatu hizo ndizo zilizo kati ya ngozi yako na jua.

Hapo, msomaji, pana jambo ambalo nakusihi ulifikiri kwa makini. Kitu kinachotukinga ndicho hicho hicho kilichotuficha. Pazia linalozuia miale isituue ndilo lililozuia tusijue kwamba iko. Mtu angaliweza kuishi na kufa chini ya pazia hilo asipate hata fununu ya kile alichookolewa nacho.

Wataalamu walijaribu kulizunguka pazia. Walipanda milima na vyombo vyao, lakini mlima mrefu kupita yote haufiki hata kilometa tisa, na pazia liko juu zaidi. Mwaka 1934, Ujerumani, Erich Regener na mwanawe Victor walirusha baluni lililobeba chombo cha kuchambua mwanga hata likapita kilometa 30. Walipata mengi kwa kazi ile. Hata hivyo baluni huelea kwa kubebwa na hewa, na kitu kinachobebwa na hewa hakiwezi kutoka nje ya hewa. Ilihitajika ngazi isiyoegemea kitu chochote.

Ngazi hiyo ilipopatikana, ilipatikana mahali pabaya. Katika Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani waliunda roketi kubwa iliyoitwa V-2, yenye urefu wa mita 14 hivi na uzito wa zaidi ya tani 12. Iliundwa kwa kazi ya mateka waliofanyishwa kazi kama watumwa, nao wengi walikufa. Kisha tangu mwaka 1944 ikatupwa juu ya London, Antwerp na miji mingine, ikaua maelfu. Vita vilipokwisha, Wamarekani walichukua roketi nyingi za namna hiyo wakazipeleka White Sands, katika jangwa la New Mexico, ili wajifunze namna ya kuzirusha. Mahali palipokuwa pamewekwa baruti ya kuulia, wakawakaribisha wataalamu waweke vyombo vya kupimia. Sisemi kwamba elimu iliitakasa silaha ile; waliokufa hawakurudi. Lakini nasema kwamba kitu kilichoundwa kwa nia mbaya si lazima kibaki katika nia hiyo, kama kikiangukia mikononi mwa watu wenye swali jema.

Miongoni mwa waliokuwa na swali alikuwamo Richard Tousey, wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Yeye na wenzake walitengeneza spektrografu, yaani chombo kinachotenganisha mwanga na kuupiga picha kwenye filamu. Kazi haikuwa nyepesi. Roketi hujizungusha na kuyumba, na hakuna mtu ndani yake wa kukielekeza chombo kwenye jua. Kioo cha kawaida nacho huzuia urujuanimno mfupi, kwa hiyo hakifai. Walipata dawa ya mashaka yote mawili kwa kitu kidogo kuliko punje ya mtama: shanga za floridi ya lithiamu, zenye upana wa milimita mbili. Dutu hiyo huupitisha urujuanimno. Na shanga, kwa kuwa ni ya mviringo, hupokea mwanga kutoka pande nyingi hata roketi ikigeuka.

Tarehe 28 Juni 1946 walirusha roketi ya kwanza yenye chombo hicho, kikiwa kimewekwa kwenye pua yake. Ilipanda ikapita kilometa 100, kisha ikarudi kama mkuki, pua mbele, ikajizika jangwani na kuacha shimo kubwa. Walichimba na kuchimbua, wasiipate filamu. Fikiri, msomaji: habari ambayo hakuna mtu aliyewahi kuijua iliandikwa angani, kisha ikasagwa kuwa vumbi kabla ya kusomwa. Wangeweza kuketi wakaililia hasara yao. Badala yake walijiuliza ni sehemu gani ya roketi inayoumia kidogo. Wakakihamisha chombo kutoka kwenye pua wakakiweka katika bawa la mkiani. Wakaitia filamu katika kisanduku cha chuma kigumu. Na ikapangwa pua ikatwe kwa baruti roketi ikiwa angali angani, ili kiwiliwili kisirudi kama mkuki bali kianguke kikipinduka-pinduka kama gogo, na mwendo wake upungue.

Tarehe 10 Oktoba 1946 roketi ya pili ilipaa, ikapita kilometa 150. Filamu ikapatikana nzima. Walipoisafisha, waliona picha zimepangana moja baada ya moja, kila moja ikiwa na kimo chake. Katika picha zilizopigwa karibu na ardhi, mwanga ulikoma palepale alipopasema Cornu. Roketi ilipolipita tabaka la ozoni, ncha ya mwanga ilianza kusogea; na ilipofika kilometa 55, mwanga ulikuwa umeenea hata nanomita 220. Pazia lilikuwa limefunuliwa ukingo wake, na watu waliona kwa mara ya kwanza sehemu ya jua iliyokuwa ikiwaka juu ya vichwa vyao tangu kuumbwa kwao. Tena, picha hizo zilifanya kazi ya pili: kwa kulinganisha kimo kimoja na kingine, waliweza kuhesabu ni ozoni kiasi gani iliyoko katika kila kimo. Kwa safari moja walilipima jua na pazia lake.

Kazi ikaendelea. Katika Chuo Kikuu cha Colorado walitengeneza mtambo wa kulifuata jua hata roketi ikiyumba namna gani, na Desemba 1952 William Rense akapata kwa msaada wake picha ya mwali wenye nanomita 121.6, ambao hutoka kwa haidrojeni ya jua na ni mwangavu kuliko mingine iliyo jirani nao. Lakini roketi ya utafiti hukaa juu ya hewa kwa dakika chache tu, kisha hurudi. Ni kama mtu anayeruka apate kuchungulia juu ya ukuta: huona, lakini hukaa kidogo. Waliotaka kutazama kwa siku na miezi walihitaji roketi ibebe setilaiti na kuiacha huko juu ikizunguka.

Na hapo, msomaji, habari yetu inatoka katika jangwa la New Mexico na kuingia nyumbani. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano waliokuwa chini ya uongozi wa profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma walisimamisha baharini majukwaa ya chuma, ambalo moja waliliita San Marco. Mahali palichaguliwa kwa busara. Dunia ijizungushapo, watu wa Ikweta ndio wanaokwenda kwa kasi kubwa kuliko wote, na roketi irushwayo kuelekea mashariki kutoka hapo hupata msukumo huo bure. Mwaka 1967 setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka jukwaa hilo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya iliposherehekea miaka saba ya uhuru, ilirushwa nyingine iliyokwenda kutazama miale ya eksirei kutoka mbinguni, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Lakini iliyo karibu zaidi na maneno yetu ni San Marco D/L, iliyorushwa tarehe 25 Machi 1988 kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Pamoja na vyombo vingine ilibeba spektrometa ya Wajerumani iliyopima nguvu ya urujuanimno wa jua, hasa ule mfupi kupita wote, ambao hauishii kwenye ozoni bali humezwa na hewa nyembamba iliyo zaidi ya kilometa 100 juu yetu. Ilizunguka juu ya ukanda wa Ikweta, ikipita mara kwa mara katika anga lile lile tunalolitazama sisi. Nuru ilipohesabiwa huko juu, wachungaji wa Turkana walikuwa wakitembea chini na mbuzi wao.

Mwisho wa setilaiti hiyo una mafunzo. Urujuanimno mfupi huipasha joto hewa ya juu, nayo huvimba na kuinuka. Na hewa iliyoinuka huikwaruza setilaiti na kuipunguzia mwendo kidogo kidogo. Setilaiti ile ilikwenda kuvipima vyote viwili, mwanga na hewa iliyopashwa na mwanga. Na hewa hiyo ndiyo iliyoivuta chini. Tarehe 6 Desemba 1988 iliingia tena katika anga zito ikaungua. Ilikwisha kwa sababu ya jambo lile lile ililotumwa kulichunguza, lakini ilikuwa imekwisha kutuma habari zake. Ni setilaiti ya mwisho kurushwa kutoka majukwaa ya Ngomeni.

Mtu aweza kuuliza: yote haya yatatufaa nini? Nitamjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la dunia nzima. Kwa kuwa pazia la ozoni lilikuwa limejulikana na kupimwa, wataalamu waliweza kuona lilipoanza kuharibika. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi zilizotumiwa katika majokofu na makopo ya kupulizia zingeliharibu. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima kule Antaktika walitangaza kwamba ozoni ya huko ilipungua vibaya sana kila ifikapo majira ya kuchipua. Mwaka 1987 mataifa yakatia sahihi Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo, na tangu hapo pazia limeanza kupona polepole. Ofisi inayousimamia mkataba huo iko Nairobi. Watu hawawezi kulinda kitu wasichokijua. Na pazia hili halionekani.

La pili ni la kijana yule aliyeniuliza. Nilimweleza kwamba joto na urujuanimno ni watoto wa baba mmoja, lakini hawatembei pamoja. Ngozi hulihisi joto. Urujuanimno haihisi mpaka umekwisha kuidhuru. Mawingu mepesi huzuia joto na mng'ao, lakini huacha sehemu kubwa ya urujuanimno ipite. Upepo huipoza ngozi wala hauzuii mwali hata mmoja. Mchanga mkavu nao hurudisha juu kiasi cha asilimia 15, na anga lenyewe huutawanya, hata aliye katika kivuli chembamba hupata sehemu yake. Mtu wa Nairobi husikitika akisikia habari za jua la Lodwar. Lakini yeye anakaa zaidi ya mita 1,000 juu yetu, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza urujuanimno kwa asilimia 10 hivi. Hutetemeka kwa baridi na huku anaunguzwa. Isitoshe, katika nchi zote za Ikweta jua hupita karibu na utosi, na ozoni ya huku ni nyembamba kwa maumbile kuliko ya nchi za mbali kaskazini. Basi anayelipima jua kwa jasho lake ana kipimo kibovu.

Urujuanimno si adui mtupu. Huisaidia ngozi kutengeneza vitamini D, inayoimarisha mifupa. Ukizidi, huzeesha ngozi, huchangia mtoto wa jicho, na huweza kuleta saratani. Ngozi nyeusi ina rangi iitwayo melanini, inayoupokea mwanga huo kabla haujafika ndani: ni pazia la pili, dogo, ambalo kila mmoja wetu amezaliwa nalo kwa kiasi chake. Mwenye ualbino hakupewa hilo la pili. Anasimama akiwa na pazia moja pale ambapo wenzake wanasimama na mawili. Sensa ya mwaka 2019, iliyokuwa ya kwanza kuwahesabu nchini Kenya, ilipata watu 9,729. Kofia pana, mikono mirefu, miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi si mapambo kwao wala si upendeleo. Ni kurudishiwa kitu ambacho wengine walipewa bure.

Niliyaandika maneno haya kwa ufupi nikayapeleka katika mkutano wa walimu. Hapakuwa na ugomvi. Mtu mmoja tu alisema kwamba sheria ikiwa na mlango mmoja wa kutokea, wote watautumia. Mzee mmoja wa kamati alimjibu kwamba hata zizi lina mlango, wala mbuzi hawapotei kwa sababu ya mlango. Kofia zikaruhusiwa, na paredi ikapelekwa asubuhi mapema, jua lingali chini.

Tena tulipata kipimo kisichohitaji fedha. Simama juani utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, urujuanimno ni mdogo. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ni mkali, na imekupasa kujikinga. Katika Lodwar, siku za mwisho wa Machi na katikati ya Septemba, kivuli huwa kifupi kuliko mtu tangu karibu saa nne kasorobo asubuhi hadi karibu saa kumi kasorobo alasiri. Saa sita ya jua lenyewe haiji saa sita ya ukutani, bali kati ya saa sita na nusu na saa saba kasorobo. Na yapata tarehe 28 Machi, kisha tena yapata tarehe 14 Septemba, jua hupita juu kabisa ya utosi, na fimbo iliyosimamishwa wima hukosa kivuli. Kakuma, iliyo kaskazini kidogo, hupata siku hiyo baada ya Lodwar katika mwezi wa Machi, na kabla yake katika mwezi wa Septemba, kwa tofauti ya siku moja au mbili. Nimewaona vijana wa Kakuma, waliozaliwa na wazazi kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Ethiopia, wakiizunguka fimbo moja kwa utulivu, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuona kivuli kikitoweka. Lugha zao za nyumbani zilikuwa nyingi, lakini walichokuwa wakikipima kilikuwa kimoja.

Basi, ewe msomaji kijana, jihadhari na fikira kwamba elimu ya namna hii ni ya wenye roketi peke yao. Tousey na wenzake walianza na swali, wakapoteza chombo chao, wakakihamisha kutoka puani kwenda mkiani. Na sehemu kubwa ya ushindi wao ilikuwa ni subira na akili ya kupanga upya, wala si utajiri. Jukwaa la Ngomeni lilisimama katika bahari yetu, na urujuanimno wa jua ulipimwa kutoka hapo. Lakini wengi waliozisoma habari zake walikuwa watu wa ng'ambo, kwa sababu sisi hatukuwa na watu wa kutosha waliofundishwa kuzisoma. Upungufu huo hauondolewi kwa kunung'unika. Huondolewa na mwanafunzi anayeshika hesabu zake vizuri usiku wa leo, akiwa na taa au bila taa nzuri, hapa Lodwar, kule Kakuma, au popote ulipo wewe.

Chukua fimbo ya mita moja, uisimamishe wima uwanjani, upime kivuli chake kila nusu saa tangu asubuhi hata jioni, uandike. Fanya hivyo siku saba. Utakuwa na ukurasa wa tarakimu ulizozipata mwenyewe, na humo utalisoma jua; kisha mtafute mwenzako aliye shule nyingine, mlinganishe.